Jumba la Karatasi: Picha za Sammy Baloji

Asimamaye ufukoni Nchelenge akaelekeza macho magharibi huiona Kongo ng'ambo ya Ziwa Mweru. Mji wa Pweto ulipotekwa Desemba 2000, maelfu ya watu walikimbilia Zambia. Na mwaka 2018, ingawa vita vile vikuu vilihesabiwa kwisha 2003, makazi ya Mantapala yalifunguliwa papa hapa wilayani kwa wakimbizi wengine. Hivyo Kiswahili cha Katanga si kigeni katika ufuko huu, nasi tumeona yafaa wanafunzi wazisome picha za Sammy Baloji, mzaliwa wa Lubumbashi.

Katika mfululizo wake uitwao Kolwezi, uliopigwa miaka iliyofuata uchaguzi wa 2006, msanii huweka picha mbili ubavu kwa ubavu. Huku pana machimbo na vibanda vya maturubai vya wachimbaji wadogo. Huku pana bango lililochapwa Uchina, la majumba na mandhari ya kubuniwa, la namna ile wachimbaji wainunuayo na kuibandika ukutani. Wahakiki wa Ulaya wanalo neno la Kijerumani la kudharau pambo kama hilo. Kwetu wako wapendao kusema "urembo wa bandia". Tafsiri hiyo hatuikubali, kwani humhukumu mnunuzi kabla hajaulizwa. (Sisi wenyewe tulipata kutundika kalenda yenye maporomoko ya nchi tusiyoijua, na mwaka wake ulipokwisha hatukuiondoa.)

Nguvu ya picha hizi haina shaka. Shaba na kobalti hutoka, karatasi yenye jumba huingia: biashara nzima imeelezwa bila neno hata moja. Lakini hapo ndipo tuonapo upungufu. Aliyelichagua bango hayumo. Mtazamaji wa mbali aweza kucheka, akadhani amemcheka mfanyabiashara, kumbe amemcheka mchimbaji.

Upungufu huo haumo katika filamu ambayo Baloji aliifanya pamoja na mwanaanthropolojia Filip De Boeck, juu ya mnara wa ghorofa 12 huko Limete, Kinshasa, ulioanza kujengwa mwaka 2003, nchi ilipoingia kipindi cha mpito. Jengo lenyewe ni la ajabu, nalo halikumalizika. Aliyezoea michoro ya wasanifu atalikebehi mara moja. Ila mwenyewe, aitwaye Daktari, ndiye atuongozaye ndani yake, akifafanua kila pembe kwa maneno yake. Tukikataa hoja zake, tunamkatalia mtu aliyekwisha kusema. Kwa kipimo hicho twaiweka filamu juu ya mabango.

Tuliwataka wanafunzi waandike, kwa nafsi ya kwanza, maneno ya mwenye bango. Wengi walisifu bustani. Mmoja, aliyevushwa ziwa angali mtoto, aliandika sentensi moja tu: kwamba nyumba ile aliipenda kwa kuwa ina mlango wa mbele na wa nyuma.