Filbert Bayi na Mita 35 za Moscow

Filbert Bayi, mzaliwa wa Karatu (23 Juni 1953) na askari wa Jeshi la Wananchi, alijulikana kwa mtindo mmoja: kutoka mbele mara bastola inapolia na kuwaachia wengine kazi ya kumfukuza. Mtindo huo ulimpa rekodi mbili za dunia. Tarehe 31 Julai 1980, mjini Moscow, ndio huohuo uliomnyima dhahabu ya Olimpiki, tena katika mbio ambazo kwa kasi aliyokuwa nayo miguuni hakupaswa kushindwa.

Olimpiki yake ya kwanza ilikuwa Munich 1972, akiwa na miaka 19. Aliingia mita 1500 na mita 3000 kuruka viunzi na maji, akatolewa mapema kote kuwili. Mwaka uliofuata, kwenye Michezo ya Afrika ya Lagos, alimshinda Kipchoge Keino katika mita 1500, na dunia ikaanza kuuliza ametoka wapi.

Jibu lilipatikana katika mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Christchurch, New Zealand, tarehe 2 Februari 1974. Mzunguko wa kwanza sekunde 54.9, mita 800 kwa 1:52.2, na nyuma yake kundi zima likibishana kama huyu ni mkimbiaji au ni sungura wa kuvuta kasi tu. Alimaliza kwa 3:32.16 na kuifuta rekodi ya Jim Ryun ya 3:33.1 iliyokaa tangu 1967. John Walker, aliyekuja wa pili kwa 3:32.52, naye aliipita rekodi hiyo ya zamani, na bado akashindwa. Muda wa Bayi ulibaki kuwa rekodi ya Michezo ya Jumuiya ya Madola hadi Birmingham 2022, yaani miaka 48. Kiufundi hakuna cha kukosoa. Mita 1500 ni umbali mfupi, na anayeachwa mita 15 au 20 mapema hana mahali pa kuzirudisha bila kujiua. Kingston, tarehe 17 Mei 1975, Bayi aliongeza rekodi ya maili, 3:51.0.

Kisha Montreal 1976. Nchi nyingi za Afrika zilijitoa kwa sababu timu ya raga ya New Zealand ilizuru Afrika Kusini ya makaburu, na Tanzania ilikuwa miongoni mwao. Sababu ilikuwa ya haki. Lakini haki hiyo ililipiwa na wanariadha, si na waliotia saini, na hadi leo deni hilo halizungumzwi inavyostahili. Ni kweli pia kwamba Bayi alikuwa akisumbuliwa na malaria msimu ule. Hata hivyo Walker alichukua dhahabu kwa 3:39.17, sekunde saba nyuma ya muda wa Christchurch. Kila anayeifahamu riadha anajua maana ya tarakimu hizo.

Dalili ya kwanza kwamba mtindo wa kutoka mbele umeshasomwa na wapinzani ilionekana katika mita 1500 za Michezo ya Jumuiya ya Madola, Edmonton 1978. David Moorcroft wa Uingereza alimvizia Bayi hadi mwisho na kumshinda kwa 3:35.48 dhidi ya 3:35.59. Tofauti ya sehemu 11 za mia za sekunde ilikuwa onyo la kutosha.

Kwa Moscow, Bayi kuhamia mita 3000 kuruka viunzi na maji lilikuwa chaguo zuri: mita 1500 ilikuwa na Waingereza Coe na Ovett, na Kenya ya Henry Rono, mwenye rekodi ya dunia ya viunzi na maji, ilikuwa imesusia michezo hiyo.

Tatizo ni namna chaguo hilo lilivyokimbiwa. Mwaka 1980 Mbinga, mkoani Ruvuma, kama Tanzania Bara yote, haikuwa na televisheni, na habari za Moscow zilikuja kwa Redio Tanzania. Leo picha ziko kwenye simu na kila mwenye ubishi anaweza kuzirudia. Bayi anaonekana akiondoka kana kwamba yuko Christchurch. Anaruka kiunzi peke yake, anatua, anaongeza. Pengo linakua hadi kufikia mita 35 hivi. Kwa mwendo wa fainali ile, mita 35 ni kama sekunde sita. Nyuma, Bronisław Malinowski wa Poland hababaiki na anakimbia hesabu zake. Montreal alipata fedha kwa muda wa dakika 8 na sekunde 9, na Moscow atamaliza kwa dakika 8 na sekunde 9. Mtu wa namna hiyo hakimbiwi kwa vitisho, kwa sababu yeye anashindana na saa, na saa haimwambii uongo.

Hapa ndipo mbio za viunzi na maji zinapoachana na mita 1500. Kuna viunzi 28 na madimbwi saba. Kiunzi kina urefu wa sentimita 91, ni gogo zito lisiloanguka likiguswa, na dimbwi linavuka mita tatu na nusu. Mkimbiaji aliyechoka kwenye mita 1500 anapoteza kasi kidogokidogo. Aliyechoka kwenye viunzi analipa mara 35: hatua zinakuwa fupi kabla ya kuruka, anatua kwa uzito wote, anaanza upya kutafuta mwendo. Kasi iliyotumika bure katika mizunguko ya mwanzo inadaiwa kwenye kila kiunzi cha mwisho, na riba yake ni kubwa. Kengele ilipolia Bayi bado aliongoza, lakini aliyetazama magoti alishajua. Malinowski alimpita kwenye dimbwi la mwisho, mahali pabaya kuliko pote pa kupitwa, kwa kuwa anayetoka majini akiwa mzito hana tena umbali wa kujibu. Muda ukawa 8:09.70 kwa 8:12.48. Kutoka sekunde sita mbele hadi karibu tatu nyuma: takriban sekunde tisa ziliyeyuka mbele ya macho ya uwanja mzima.

Uamuzi sahihi ulikuwa rahisi. Katika fainali ile hakuna mwingine aliyewahi kukimbia mita 1500 kwa 3:32. Bayi alihitaji tu kukaa mgongoni mwa Malinowski hadi dimbwi la mwisho, kisha kumwonyesha tofauti ya mtu wa mita 1500 na mtu wa viunzi. Mfano alikuwa nao tangu Munich, kwenye michezo aliyoshiriki mwenyewe. Keino, bingwa wa mita 1500 wa Mexico 1968 na mgeni kwenye viunzi, aliruka vibaya, akakaa na kundi, akafyatuka mwishoni na kuchukua dhahabu kwa 8:23.64 mbele ya Ben Jipcho. Keino alijua silaha yake ni ipi na wakati wa kuitoa. Wazee wale walikimbia kwa kichwa kwanza.

Watetezi wa Bayi wana hoja mbili. Ya kwanza, kwamba aliye mbele anaviona viunzi vizuri na hasukumwi. Ni kweli, ila kwa hilo mita tatu zinatosha, 35 za nini? Ya pili ni Mtanzania mwenzake Suleiman Nyambui, aliyesubiri katika mita 5000 siku iliyofuata na bado akaishia na fedha, 13:21.60. Lakini Nyambui alishindwa kwa chini ya sekunde moja na Miruts Yifter, mmaliziaji hatari kuliko wote wa wakati ule. Malinowski hakuwa Yifter.

Kosa hilohilo la Bayi huonekana kila msimu wa UMITASHUMTA na UMISSETA, michezo ya shule za msingi na sekondari: mtoto anatoka kama mshale, walimu wanashangilia, na kwenye mzunguko wa tatu anatembea. Mbinga ina darasa lake la bure. Barabara ya kutoka Mbamba Bay inaanza kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, chini ya mita 500 kutoka usawa wa bahari, na kupanda hadi nyanda za Umatengo, kwenye mwinuko na baridi isiyo mbali na ya Karatu. Kijana anayejifunza kuupanda mlima ule kwa mwendo mmoja ameshaelewa alichokifanya Malinowski. Wateuzi wa timu ya taifa, ambao miaka yote macho yao yanaishia Arusha, Manyara na Singida, hawajawahi kuonekana kulijua hilo.

Baada ya kustaafu Bayi alianzisha shule zinazobeba jina lake, Kimara na Kibaha, na kwa miaka mingi alikuwa Katibu Mkuu wa Kamati ya Olimpiki Tanzania. Malinowski alifariki kwa ajali ya gari mwezi Septemba 1981. Fedha ya Bayi na ya Nyambui ndizo medali pekee za Olimpiki ambazo Tanzania imepata hadi Paris 2024, na 8:12.48 bado ni rekodi ya taifa.