Sahani ya Santuri na Faili la Polisi

Kumbukumbu za mtu, ewe msomaji, ni za namna mbili. Nyingine huzifanya mwenyewe kwa hiari yake, na nyingine hufanyiwa na wenziwe, apende asipende. Katika insha hii tutapima kumbukumbu mbili za mtu mmoja: sahani ya santuri aliyoitengeneza, na faili aliloandikiwa na polisi. Mtu mwenyewe ni Thelonious Monk, mpiga piano wa Marekani aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1982. Sahani yenyewe huitwa Brilliant Corners. Ilirekodiwa mjini New York katika miezi ya mwisho ya mwaka 1956, ikatolewa mwaka 1957.

Huenda neno jazi unalijua kwa majina ya bendi za dansi, kama vile Morogoro Jazz ya Tanzania au OK Jazz ya Kongo. Bendi hizo ziliazima jina. Muziki wao ni mwingine. Jazi ninayoisema hapa ni ile iliyozaliwa na watu weusi wa Marekani. Desturi yake ni hii: wapigaji huanza kwa wimbo wanaoujua wote, kisha kila mmoja, kwa zamu yake, hutunga papo hapo juu ya wimbo ule, kama malenga wanaojibizana bila kuvunja mizani, mwisho wote huurudia wimbo wa kwanza. Kwa hiyo sahani ya jazi huhifadhi saa fulani ya siku fulani katika maisha ya watu fulani, na saa hiyo hairudi tena.

Wapenzi wa muziki huu ni watu wa mazungumzo. Waketishe watatu mbele ya santuri, hawatanyamaza mpaka sahani ikome. Watabishana nani alipiga vizuri na mwaka gani; kutoka hapo watapita kwenye kodi ya nyumba, bei ya unga na ugonjwa wa jirani; na kabla ya kuagana watakuwa wamefika kwenye serikali na mambo inayoyajua juu ya raia zake. Mgeni akiwasikia hudhani wamepotea njia. Hawakupotea hata kidogo. Katika historia ya jazi, sahani, riziki ya kila siku na faili la polisi vilifungwa kwa kamba moja, na kamba hiyo ilikuwa kadi ndogo itoshayo kutiwa mfukoni.

Tangu mwaka 1940 hadi mwaka 1967, mtu yeyote aliyetaka kufanya kazi katika klabu za starehe za New York, awe mwimbaji, mpigaji au mhudumu, ilimlazimu kuwa na kadi iliyotolewa na polisi. Ili aipate alichukuliwa alama za vidole, akapigwa picha, na mambo yake ya nyuma yakachunguzwa. Aliyewahi kupatikana na hatia, hasa ya dawa za kulevya, aliweza kunyimwa. Hapo ndipo palipokuwa na uchungu. Adhabu ya mahakama ina mwisho, maana hakimu hutaja siku. Lakini mwenye kunyimwa kadi hakujua ataadhibiwa mpaka lini. Mwimbaji Billie Holiday alifungwa mwaka 1947. Alipotoka mwaka 1948, deni lake kwa sheria lilikuwa limekwisha, walakini kadi hakuipata. Aliweza kuimba Carnegie Hall, ukumbi mkubwa na wa heshima, kwa kuwa kumbi za tamasha hazikudai kadi; lakini klabu ndogo, ambako mwimbaji hupata chakula chake cha kila juma, zilimfungia mlango. Alifariki mwaka 1959 bila ya kurudishiwa kadi yake.

Monk naye hakusalimika. Agosti 1951 polisi walikagua gari alimoketi pamoja na rafiki yake Bud Powell, mpiga piano mwenziwe, wakaona dawa za kulevya. Monk alikataa kutoa ushahidi juu ya rafiki yake. Alikaa gerezani siku 60, na kadi yake ikachukuliwa. Siku 60 zilikwisha kama zilivyohesabiwa, bali kadi haikurudi mpaka mwaka 1957. Katika miaka hiyo studio za kurekodia zilibaki wazi kwake, maana hazikuwa klabu. Mtu aliyekatazwa kusikika usiku katika mji wake aliachiwa kusikika kwa sahani.

Sasa na tuisikilize sahani. Wimbo wa kwanza ndio ulioipa jina lake. Unakwenda polepole na kwa uzito, kama mtu apandaye ngazi gizani, akipapasa kila kidato kabla ya kukikanyaga. Kisha ghafula wimbo uleule unapigwa kwa mwendo mara mbili ya ule wa kwanza, kana kwamba mtu yule ameona mlango na kuanza kukimbia; halafu unarudi katika polepole yake. Saksafoni zimeshikwa na Sonny Rollins na Ernie Henry, besi na Oscar Pettiford, ngoma na Max Roach. Hao walikuwa miongoni mwa mafundi wa zama zao. Hata hivyo wimbo uliwashinda. Waliujaribu takriban mara 25, na hata mara moja hawakuufikisha mwisho bila ya kasoro. Msimamizi wa kazi, Orrin Keepnews, alilazimika kuunga vipande vya majaribio mbalimbali ili upatikane wimbo mmoja kamili.

Juu ya jambo hili wapenzi wa jazi wamegawanyika. Wako wasemao kwamba sahani iliyoungwa ni udanganyifu, kwa kuwa muziki wa papo hapo haukatwi wala haushonwi. Wako wengine wasemao kwamba ugumu ule ndio ushujaa wenyewe, na kila mshono wastahili kusifiwa. Mimi naona pande zote mbili zimekosea. Mshono si aibu, maana hata kanzu nzuri ina mishono. Lakini mshono si sifa pia. Sikiliza sehemu za mbio. Saksafoni mbili hushikana kwa jitihada inayosikika, kama wabebaji wawili wa mzigo mmoja ambao hawajazoeana miguu. Hiyo ni kasoro, na mhakiki mwaminifu hana budi kuitaja.

Lakini kazi ya mhakiki haishii katika kutaja kasoro. Yampasa pia kuuliza imetoka wapi. Haikutoka katika uhaba wa ufundi, kwa kuwa wapigaji wale ufundi wao haukuwa na shaka. Nadhani imetoka katika ile kadi. Klabu kwa mpigaji wa jazi ni duka na ni shule. Wimbo mgumu hupigwa usiku mmoja ukavunjika, ukapigwa wa pili ukainama, ukapigwa wa kumi ukawa laini kama ngozi iliyolowekwa. Kwa muda wa miaka sita Monk hakuwa na shule hiyo katika mji wake. Alikuja studio na wimbo ambao wenziwe hawakupata usiku wa kutosha kuuzoea pamoja naye. Jina la polisi halikuandikwa katika jalada la sahani, lakini kazi yao imo ndani yake.

Ukitaka kuhakikisha neno hili, geukia nyimbo nyingine za sahani ileile. Katika "I Surrender, Dear" Monk anapiga peke yake, na ile jitihada haipo kabisa. Kila sauti imekaa mahali pake, nayo haina haraka. Katika "Pannonica" anapiga piano pamoja na selesta, kinanda kidogo chenye sauti kama kengele, na pale ugumu umegeuka kuwa upole. Kadi yake ilichukuliwa, lakini vidole vilevile vilivyotiwa wino kituoni alirudi navyo nyumbani kwenye piano yake.

Ipo pia sahani nyingine ya kulinganisha nayo. Baada ya kurudishiwa kadi, Monk alipiga katika klabu iitwayo Five Spot tangu Julai hadi Desemba 1957, usiku baada ya usiku, pamoja na mpiga saksafoni John Coltrane. Tarehe 29 Novemba mwaka huohuo walipiga Carnegie Hall. Sikiliza jinsi Coltrane akimbiavyo kila upande katika wimbo "Evidence", yaani ushahidi, na jinsi Monk ampokeavyo kila arudipo. Nyimbo zile si rahisi, lakini wapigaji wamekwisha kuzikalia kama mtu akaliavyo kiti cha kwao. Sioni sahani nyingine ionyeshayo wazi zaidi thamani ya kile alichonyimwa.

Na la ajabu ni hili: tamasha lile lilirekodiwa na Sauti ya Amerika, redio ya serikali ya Marekani, kwa ajili ya kuwatangazia watu wa nchi nyingine. Ukanda wake ulisahauliwa katika Maktaba ya Bunge la nchi ile mpaka ulipogunduliwa mwaka 2005, ukatolewa kama sahani mwaka huohuo. Polisi ya mji na redio ya taifa si mkono mmoja, wala haifai kuzichanganya. Lakini mtu alikuwa yuleyule. Huku alama zake zilitunzwa ili anyamazishwe, na huku sauti yake ilitunzwa ili isikike mbali.

Nakuonya jambo moja. Usiisifu sahani kwa sababu mwenyewe aliteswa. Huruma ni wema, lakini si mizani ya kupimia muziki. Brilliant Corners ni kazi kubwa kwa kuwa imefungua njia za mwendo na sauti ambazo sikio halikuzitarajia, na ingekuwa kubwa hata kama Monk angekuwa tajiri. Mateso yake yanatueleza kasoro za sahani. Uzuri wake umetoka kwingine.

Wewe msomaji wa Kenya huhitaji kusafiri mbali ili uyafahamu haya. Kuanzia mwaka 1920 hivi, mwanamume Mwafrika katika nchi hii alilazimishwa kuchukua kipande, karatasi yenye alama za vidole iliyotiwa katika kibweta cha chuma na kuning'inizwa shingoni. Kipande na kadi ya New York havikuwa sheria moja, wala uzito wake haukuwa sawa. Lakini vilifanana katika hili, kwamba karatasi ilisema kabla mwenyewe hajafungua kinywa. Leo kifungu cha 31 cha Katiba ya mwaka 2010 kinalinda faragha ya mtu, na Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inaeleza namna habari zake zinavyopasa kutunzwa. Sisemi faili zote zichomwe moto. Hospitali haiwezi kutibu wala shule kufundisha bila ya kuandika. Nasema tu kwamba kila uandikwapo, uulize: nani anaandika, kwa kazi gani, na mimi nitajibu wapi nikiandikwa vibaya?

Kadi za New York zilifutwa mwaka 1967. Sahani ya Brilliant Corners nayo iliingizwa mwaka 2003 katika orodha ya rekodi zinazohifadhiwa na Maktaba ya Bunge la Marekani. Ukipata nafasi, isikilize kwanza, kisha usikilize ile ya Carnegie Hall, bila ya kuzungumza na mtu katikati. Baada ya hapo bishana na wenzako upendavyo, na ukiona nimehukumu vibaya, andika insha yako unijibu.