Chembe za Dhahabu na Njozi za Mashine Ndogo

Waandishi wa riwaya za sayansi wameipa nanoteknolojia sura mbili tu, ya mwokozi na ya mwangamizi. Ubaya wa sura hizo si kwamba zaonyesha makuu mno, bali kwamba zaficha yale yaliyokwisha kuwapo.

Neno lenyewe lilitumiwa na Norio Taniguchi wa Japani mwaka 1974, na asili yake ni neno la Kiyunani lenye maana ya kibeti. Nanomita ni mita moja iliyogawanywa mara milioni elfu. Lakini wazo lilitangulia neno. Mwaka 1959 Richard Feynman alihutubu huko California kwamba hapana kanuni ya maumbile inayokataza kuunda vitu chembe kwa chembe, akataja na fikira ya rafiki yake kwamba mgonjwa ataweza siku moja kummeza mpasuaji wake. K. Eric Drexler aligeuza fikira za namna hiyo kuwa utabiri katika kitabu chake cha mwaka 1986. Naye Michael Crichton alizigeuza kuwa kitisho katika riwaya ya Prey (2002), ambamo kundi la vijimashine latoroka maabara jangwani Nevada, likajifunza na kuzaliana. Kwa ufundi wa kutia hofu riwaya hiyo yafaulu. Kwa sayansi ni dhaifu, kwani Richard Smalley, mshindi wa Tuzo ya Nobel ya kemia ya mwaka 1996, alikwisha kutoa hoja kwamba vidole vya mashine kama hizo vingekuwa vinene mno kwa kazi yao, tena vingeganda na chembe vilizozishika.

Katama Mkangi ana busara zaidi. Katika Walenisi (1995), chombo kinachomchukua Dzombo hadi sayari nyingine ni ngazi tu ya kuifikia jamii yenye haki, ili ya duniani ihukumiwe. Hapana anayeahidiwa mashine.

Asiyeridhika na hoja za vitabu na aingie zahanati ya Musoma, Bunda au Butiama siku ya homa. Tone la damu hutiwa katika kipimo cha haraka cha malaria, na baada ya dakika chache huonekana mstari mwekundu. Katika vipimo vingi vya aina hii wekundu huo ni dhahabu: chembe zenye upana wa makumi machache ya nanomita, zilizofungamanishwa na kingamwili. Dhahabu ikifika udogo huo huacha umanjano wake. Kule Buhemba, wilayani Butiama, wachimbaji wadogo huitafuta madini hiyo hiyo kwa jasho na kwa zebaki yenye sumu. Ni nani kati yao aliyewahi kuambiwa kwamba imemrudia mwanawe kwa sura ya mstari?

Mfano wa pili watoka Arusha. Askwar Hilonga, wa Taasisi ya Nelson Mandela, aliunganisha chujio la mchanga na nanomateriali, akapata mwaka 2015 tuzo ya Afrika ya Royal Academy of Engineering ya Uingereza. Ni kazi ya kusifiwa, walakini isitwikwe mzigo usio wake. Kichocho huingia kwa njia ya ngozi. Mvuvi wa Musoma asimamaye ziwani hakingwi na chujio la maji ya kunywa, hata liwe jema namna gani.

Vijimashine vya Crichton havimhitaji mtu, na hapo ndipo riwaya yake iliachana kabisa na mambo yalivyo. Kipimo cha malaria chataka bohari isiyo na joto kali, gari la kukileta, na mkono wa kusoma jibu kwa wakati wake. Sanduku likiisha halijizai. Mwandishi wa Kiswahili anayetafuta kisa cha nanoteknolojia angeweza kuanza na mwuguzi wa Bunda, anayehesabu vipimo vilivyobaki huku mvua za masika zimekwisha kuanza.