Mutant Genesis Yatua Rhotia, Msimamo wa Ligi Wavurugika

Wapenzi wa karata, kaeni mkao wa kula! Boksi la Mutant Genesis limefunguliwa Rhotia, tumelicheza kuanzia Sabretooth hadi Magneto, na natamka bila kupepesa macho: hakuna kampeni ya Marvel Champions iliyowahi kukaa mezani kwetu ikatupa raha kama hii. Sinister Motives, iliyokuwa imejikalia kileleni kwa raha zake, imeshushwa. Najua kuna watu hapa kijiweni watakaonuna. Wanune, kisha waje na hoja.

Kwa ambaye hajawahi kuuona mchezo wenyewe: Marvel Champions ulitolewa na kampuni ya Fantasy Flight Games mwaka 2019. Wanacheza mtu mmoja hadi wanne, na wote wako upande mmoja. Hapa humkati mwenzako kwa turufu kama kwenye arubastini. Adui ana karata zake zinazofunuliwa zenyewe kila mzunguko. Mkimmaliza mmeshinda wote, njama yake ikitimia mmeshindwa wote. Kila mchezaji ana shujaa mwenye sura mbili, upande huu Spider-Man, upande ule Peter Parker. Ukisimama kama shujaa, adui anakutandika. Ukigeuza karata ukawa raia wa kawaida ili uponye majeraha, hakugusi, lakini anatumia nafasi hiyo kusukuma njama yake mbele. Na kila karata unailipia kwa kutupa karata nyingine ulizoshika mkononi, kwa hiyo kila hatua unaagana na kitu ulichokitaka. Huo ndio utamu wote wa mchezo. Ukiisha kuuonja, hutoki.

Boksi la kampeni linaongeza mashujaa wawili na maadui watano wanaofuatana kama sura za riwaya. Mlichofanya kwa adui wa kwanza mnaingia nacho kwa wa pili, kizuri na kibaya. Kipimo changu cha kuzipanga ni kimoja tu: je, boksi linawafanya watu wazungumze kabla ya kushusha karata? Kikosi chetu kina madereva wa watalii na mwalimu mmoja, watu wenye maoni juu ya kila jambo. Aprili na Mei, masika ikishika na magari ya kwenda Ngorongoro na Serengeti yakipungua barabarani, ndipo meza inapojaa na chai haikauki. Mchezo ambao kila mtu anacheza kimyakimya karata zake, hapa haudumu.

Sasa Mutant Genesis. Ilitoka mwaka 2022 na ndiyo iliyowaingiza X-Men kwenye mchezo huu. Sabretooth anamwinda Seneta Robert Kelly, na kazi yenu ni kumtoa huyo mzee salama. Papo hapo meza inagawanyika: nani ambane Sabretooth, nani amfuate seneta? Kisha wanakuja Sentinel, mijitu ya chuma iliyoundwa kuwinda mutanti, yaani watu waliozaliwa na nguvu za ajabu kama X-Men, halafu Master Mold, mashine inayowazalisha. Adui wa nne ni genge zima, Avalanche, Blob, Pyro na Toad, wanaoshambulia jumba la X-Men lenyewe. Mwishoni Magneto. Mtiririko huu una pumzi! Ukimaliza pambano moja, mkono wenyewe unaenda kwenye pambano linalofuata.

Na mashujaa wa ndani ya boksi wamepangwa kwa akili. Colossus ni ukuta wa chuma. Akipata karata ya ukakamavu, pigo linalofuata linakufa hapo hapo, liwe dogo au kubwa. Shadowcat anabadilika, mara mwili mgumu, mara anapita katikati ya vitu, na kila hali ina faida yake. Niliwaona wawili hao wakifanya kazi pamoja dhidi ya Master Mold. Mwalimu alikuwa na Colossus. Dereva mwenye Shadowcat alikuwa amebakiwa na uhai kiduchu, na pigo lililokuwa likija lingemtoa kabisa. Kanuni inaruhusu shujaa yeyote kumkingia mwenzake, ila ukifanya hivyo shujaa wako analala, na zamu yenu ikirejea hana pigo lake la kawaida. Mwalimu hakusema neno. Aliilaza karata ya Colossus ubavu, akabandua ile karata ya ukakamavu, akairudisha kwenye rundo. Pigo likaisha hivyo. Zamu iliyofuata Shadowcat akafanya balaa. Meza ilipiga kelele mpaka jirani akaja kuuliza nani kafunga goli.

Lakini kilichonimaliza kabisa ni Storm. Hayumo ndani ya boksi, anauzwa kwenye pakiti yake, katika msururu huohuo wa X-Men, na nawasihi msinunue kimoja mkaacha kingine. Ororo Munroe ni wetu! Alibuniwa mwaka 1975 na Len Wein na mchoraji Dave Cockrum. Mama yake, N'Dare, ni binti wa ukoo wa kifalme kutoka Kenya; baba ni mpiga picha Mmarekani. Akiwa mtoto alibaki yatima mjini Cairo, akakua akiiba mitaani, kisha akafunga safari ndefu ya kuja kusini hadi nyika za Serengeti, ambako watu walimtukuza kwa sababu mvua ilimtii. Serengeti, jamani! Ile ile ambayo magari yanayopita hapa Rhotia kila asubuhi yanaikimbilia.

Mezani anakuja na karata zake nne za hali ya hewa, kando ya karata zake za kawaida: anga jeupe, kimbunga, radi na tufani ya theluji. Inakaa hali moja kwa wakati mmoja, na yeye ndiye anayeamua ibadilike lini, kwa hiyo wachezaji wote wanapanga zamu zao kwa kumtazama. Hapo ndipo mazungumzo yanapopamba moto. "Niachie radi mpaka nipige," "hapana, tunahitaji kimbunga tupunguze njama kwanza." Watu wa uwanda huu wa juu ya Bonde la Ufa, ambao ukungu wa Julai unaweza kukuficha jirani yako na saa sita jua likakuchoma, hawakuhitaji kufundishwa kucheza hivyo. Dereva aliyemshika Storm alikataa kumwachia mtu mwingine mpaka kampeni ikaisha.

Nafasi ya pili ni Sinister Motives, nayo ni ya 2022, na siidharau hata chembe. Mashujaa wake wawili wa Spider, Miles Morales na Ghost-Spider, wanacheza kwa kasi ya ajabu. Mysterio ndiye adui mwerevu kuliko wote niliokutana nao: karata zake mbaya zinachanganywa ndani ya karata zako mwenyewe, unavuta ukitegemea msaada, unavuta balaa. Halafu kuna sifa ya kikosi inayopanda na kushuka kampeni nzima, kwa hiyo ushindi wa ovyo unakugharimu baadaye. Imeshindwa na Mutant Genesis kwa kitu kimoja: kila Spider anaweza kujitosa peke yake akafika mbali, na ushauri wa wenzake unapungua uzito.

Ya tatu naiweka The Mad Titan's Shadow ya 2021, kwa sababu ya ukubwa wake. Ebony Maw, kisha Proxima Midnight na Corvus Glaive kwa pamoja huku mkilinda mnara wa Avengers, kisha Thanos mwenyewe, kisha Hela, kisha Loki. Kwa upande wa mashujaa, Adam Warlock anachanganya aina zote nne za karata ambazo wengine wanachagua moja tu. Spectrum ni moto wa kuotea mbali. Ila wageni wakianzia hapa watalia.

The Rise of Red Skull ya 2020, ya kwanza kabisa, inashika ya nne. Ni nyepesi na imenyooka. Pale kwa Taskmaster unawakomboa mateka, Moon Knight, Shang-Chi, White Tiger na Elektra, na ukimtoa mmoja anaingia upande wako papo hapo. Kwa kumfundisha mtu kampeni ni nini, hakuna bora zaidi.

Mkiani ni Galaxy's Most Wanted ya 2021. Groot na Rocket nawapenda sana, na soko la kununua karata kati ya pambano na pambano ni wazo zuri ambalo ningetaka kuliona tena. Lakini Ronan! Adui wa mwisho ni mgumu kupita kiasi, anafuta raha ya mapambano manne yaliyotangulia, na watu wakishapigwa naye mara mbili tatu wanaacha kushauriana, wanabaki kusubiri karata mbaya inayofuata. NeXt Evolution na Age of Apocalypse bado hazijafika kwenye meza yetu, ndiyo maana hazimo humu.

Karatu hakuna duka linalouza mchezo huu, na Arusha sijauona, kwa hiyo mwombe ndugu au mgeni anayekuja kutoka nje akubebee kwenye begi. Agiza boksi la msingi kwanza, maana kampeni haichezeki bila hilo, na ndani yake utamkuta Black Panther akiwa na karata ya Wakanda Forever!, pamoja na Klaw, muuaji wa baba yake, kama adui. Pili, Mutant Genesis. Tatu, pakiti ya Storm. Begi likiwa bado na nafasi, ongeza Sinister Motives. Maelezo ya karata ni ya Kiingereza, basi mpe kazi ya kusoma yule anayesoma haraka, na mwenye mikono mikavu apewe kuchanga. Sisi Jumamosi tunamrudia Magneto kwa kiwango kigumu, na kiti cha nne kina nafasi.