Ukaribu wa Mwalimu na Maarifa ya Somo: Tahakiki ya Takwimu Mbili za John Hattie kwa Kuzingatia Ufundishaji wa Kiswahili

Katika kitabu chake Visible Learning (2009), John Hattie alikusanya matokeo ya tafiti unganishi zaidi ya 800, yaani tafiti ambazo zenyewe hukusanya takwimu za tafiti nyingine na kuzitafutia wastani mmoja. Kutokana na mkusanyo huo alipanga mambo 138 yanayoathiri ufaulu wa mwanafunzi, kuanzia lenye athari kubwa hadi lenye athari ndogo. Uhusiano wa mwalimu na mwanafunzi ulipata 0.72 na kushika nafasi ya 11. Maarifa ya mwalimu kuhusu somo analofundisha yalipata 0.09 na kuangukia nafasi ya 125. Kwa kuwa Hattie aliweka 0.40 kuwa kiwango ambacho jambo likikivuka ndipo linastahili kutiliwa maanani, wasomaji wengi wamehitimisha kwamba mwalimu anayependwa ni bora kuliko mwalimu anayejua.

Hitimisho hilo lina mvuto katika nchi zenye upungufu wa walimu wenye sifa. Linaipa serikali faraja, kwani kumfundisha mwalimu fonolojia au aljebra huchukua miaka, ilhali semina ya kumhimiza awe karibu na wanafunzi huchukua siku mbili. Kwa sababu hiyo takwimu hizi mbili zinastahili kuchunguzwa zilikotoka kabla hazijanukuliwa katika mapendekezo ya tasnifu, jambo ambalo limekwisha kuwa mazoea.

Takwimu ya 0.72 imesimama juu ya utafiti unganishi mmoja tu, wa Cornelius-White (2007), uliochambua tafiti 119 za kati ya mwaka 1948 na 2004. Wastani wa uwiano alioupata ni 0.31. Mtafiti huyo mwenyewe anaeleza kwamba uhusiano mwema ulijitokeza kwa nguvu zaidi katika mambo ya hisia na mwenendo kuliko katika yale ya utambuzi. Mwanafunzi anayependa mwalimu wake huhudhuria, hushiriki, hatoroki. Hayo ni mafanikio ya kweli wala hayapaswi kubezwa. Hata hivyo, uwiano hauelezi kipi kimetangulia kipi. Mwanafunzi anayefaulu naye hupendwa na mwalimu, na huona ni rahisi kumpenda mwalimu anayempa alama nzuri.

Takwimu ya 0.09 ina udhaifu mkubwa zaidi. Imetokana na tafiti unganishi mbili: ya Druva na Anderson (1983) kuhusu walimu wa sayansi, na ya Ahn na Choi (2004) kuhusu walimu wa hisabati. Tafiti za aina hii kwa kiasi kikubwa hupima maarifa kwa vitu vinavyohesabika kwa urahisi, kama vile idadi ya kozi ambazo mwalimu alisoma chuoni au shahada aliyonayo. Tena zimetoka zaidi Marekani, ambako mwalimu wa sekondari asiye na shahada ni nadra. Kuuliza katika mazingira hayo kama maarifa ya somo yana faida ni sawa na kuuliza kama maji yana faida kwa mpunga kwa kulinganisha majaruba ambayo yote yamefurika. Tofauti itakayoonekana itakuwa ndogo, na jibu litakalotolewa litakuwa la uongo.

Walipobadilisha kipimo, watafiti wengine walipata jibu tofauti. Hill, Rowan na Ball (2005) hawakuhesabu kozi. Waliwapa walimu wa madarasa ya awali ya msingi nchini Marekani maswali yanayotokana na kazi yenyewe ya kufundisha hisabati, kwa mfano jinsi ya kubaini chanzo cha kosa la mwanafunzi, na wakaona kwamba maarifa ya namna hiyo yanahusiana na maendeleo ya wanafunzi. Metzler na Woessmann (2012) walitumia takwimu za darasa la sita nchini Peru, ambako walimu na wanafunzi walikuwa wamepimwa katika masomo mawili yaleyale. Waligundua kwamba umilisi wa mwalimu huinua ufaulu wa hisabati, japo si kwa kiasi cha kushangaza. Kwa upande wa kusoma athari ilikuwa ndogo zaidi. Hapa mtetezi wa maarifa ya somo anapaswa kutulia kidogo. Ikiwa lugha ni eneo ambalo umilisi wa mwalimu unaonekana kwa shida, je, mwalimu wa Kiswahili anaweza kutegemea ukaribu peke yake?

Wengi wanaamini hivyo bila kutamka. Dhana kwamba kila mzungumzaji wa Kiswahili anaweza kukifundisha imeenea kiasi kwamba shule ikipungukiwa mwalimu wa Kiswahili, kipindi hupewa yeyote mwenye nafasi. Jambo hilo halifanywi kwa fizikia. Nchini Tanzania, katikati ya miaka ya 2000, shule za sekondari za kata zilipofunguliwa kwa wingi, wahitimu wa kidato cha sita walipewa mafunzo ya muda mfupi mno kisha wakapelekwa madarasani. Watu wakawabandika jina la “voda fasta”. Wengi wao walikuwa vijana waliokaribiana umri na wanafunzi wao, walicheza nao mpira, walizungumza lugha yao ya mtaani. Kwa kipimo cha 0.72 walikuwa na mtaji mkubwa. Jina walilopewa linaonyesha kwamba jamii ilikuwa na kipimo kingine.

Mfano mmoja wa kisarufi unatosha kuonyesha kipimo hicho ni kipi. Mwanafunzi wa kidato cha kwanza anaandika: “Rafiki wangu mpya anakuja.” Mwalimu anakata neno “wangu” kwa kalamu nyekundu na kuandika “yangu” juu yake. Mwanafunzi anauliza kwa nini. Mwalimu mwema asiye na maarifa atatabasamu na kujibu kwamba ndivyo Kiswahili kilivyo. Hakumkemea, hakumdhihaki, na iwapo mwanafunzi huyo ataulizwa katika dodoso kama mwalimu wake anamjali, atajibu ndiyo.

Hata hivyo, kosa hilo si la uzembe. Mwanafunzi amefundishwa kwamba majina ya viumbe hai huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA bila kujali umbo lake. Ndiyo maana tunasema “kifaru anakimbia” wala si “kifaru kinakimbia”, na “mbuzi wangu” wala si “mbuzi yangu”. Rafiki ni kiumbe hai. Kwa hiyo “rafiki wangu” ni tunda halali la kanuni aliyopewa. Kilichomponza ni kwamba baadhi ya majina ya ukoo na ukaribu, kama vile baba, mama, dada, ndugu na rafiki, yamebaki na upatanisho wa kimofolojia kwenye kimilikishi, huku kivumishi na kitenzi vikifuata maana. Katika tungo “rafiki yangu mpya anakuja” mifumo miwili inakaa pamoja: “yangu” inafuata umbo la nomino, “mpya” na “anakuja” vinafuata uhai wake. Mwalimu anayelijua hili anaweza kumwambia mwanafunzi kwamba kanuni yake ni sahihi, kisha wakatafuta pamoja mahali inapokoma. Asiyelijua hana njia ya kutambua kwamba mbele yake yuko mtu aliyefikiri.

Hapo ndipo mgawanyo wa Hattie unaposhindwa. Jedwali lake linachukulia ukaribu na maarifa kuwa vitu viwili vinavyoweza kupimwa kila kimoja peke yake na kushindanishwa. Katika mfano huu heshima kwa mwanafunzi haipatikani kwa tabasamu. Inapatikana kwa kulielewa kosa lake. Shulman (1986) alikwisha kueleza kwamba kuna aina ya maarifa iliyo ya mwalimu pekee, inayounganisha maudhui ya somo na namna wanafunzi wanavyoyapokea na kuyakosea. Hattie mwenyewe, katika mhadhara wake wa mwaka 2003 kuhusu walimu mabingwa, alitaja uwezo wa kuona kiini cha somo na namna ya kukiwasilisha kuwa miongoni mwa sifa zinazowatofautisha na walimu wazoefu tu. Hattie wa 2003 angeweza kumsahihisha Hattie wa 2009, lakini majedwali huwa hayasomi mihadhara.

Katika fasihi hali ni hiyohiyo. Mwanafunzi anayeleta shairi lisilo na vina akaambiwa na mwalimu wake mpole kwamba “hili si shairi, jaribu tena mwanangu” amefungiwa mlango wa mjadala mzima wa ushairi wa Kiswahili, tangu kanuni alizoziandika Kaluta Amri Abedi (1954) hadi Kichomi cha Euphrase Kezilahabi (1974).

Upande wa pili nao una ukweli wake, na watetezi wa umilisi mara nyingi huupita haraka. Swali la mwanafunzi kuhusu “yangu” na “wangu” ni lazima kwanza liulizwe. Katika darasa ambalo kosa hulipiwa kwa kiboko au kwa kicheko cha wenzake, mwanafunzi ataandika “yangu” kwa kukariri, na kanuni potofu itabaki imefichama kichwani. Mwalimu anaweza kuwa na shahada ya uzamili ya isimu na asilione kosa hata moja lenye manufaa, kwa sababu wanafunzi wake wamejifunza kunyamaza. Maarifa yake yanakosa kitu cha kufanyia kazi. Katika hili Cornelius-White ana hoja ambayo haipungui uzito kwa sababu ya udhaifu wa takwimu iliyoibeba.

Jambo hili linachukua sura ya pekee katika sekondari za Tanzania, ambako masomo mengi, ukiacha Kiswahili na lugha nyingine, hufundishwa kwa Kiingereza baada ya elimu ya shule ya msingi kwa Kiswahili. Tafiti zilizofanywa chini ya mradi wa LOITASA, pamoja na kazi za Birgit Brock-Utne na Martha Qorro, zimeonyesha mara nyingi jinsi darasa linavyokuwa kimya kwa Kiingereza na kuchangamka kwa Kiswahili. Mwalimu wa biolojia anapohamia Kiswahili ili kufafanua usanisinuru, anafanya mambo mawili kwa tendo moja: anasogea karibu na mwanafunzi na anayafanya maarifa yake yafikike. Mtafiti anayetaka kuliweka tendo hilo katika safu moja ya jedwali la Hattie atalazimika kuchagua, na uchaguzi wowote atakaoufanya utakuwa umepunguza nusu ya kilichotokea.

Kwa mtafiti wa ufundishaji wa Kiswahili, kinachofuata ni suala la zana. Dodoso la kumuuliza mwanafunzi kama mwalimu anamjali halitofautishi mwalimu aliyekata neno na kutabasamu na yule aliyeuliza “wangu” imetoka wapi. Cheti cha mwalimu hakiwatofautishi pia. Zana inayoweza kuwatofautisha ni daftari lenyewe la mwanafunzi: walimu wapewe makosa halisi yaliyoandikwa na wanafunzi, waombwe kueleza kila kosa limetokana na fikra gani na wangelijibuje mbele ya darasa, kisha majibu yao yalinganishwe na yanayotokea katika vipindi vyao vilivyorekodiwa. Hill na wenzake walifanya sehemu ya kwanza ya kazi hiyo kwa hisabati. Kwa Kiswahili, makosa ya kuanzia yamejaa katika madaftari ya insha ya kidato cha kwanza.