Kocha Ameenda, Ufa Umebaki

Kila Harambee Stars ikibwagwa, swali letu huwa moja: kocha anaenda lini? Nimelisikia kwenye matatu za Kitale kwenda Bungoma, tangu Kiminini hadi Webuye, na ni nadra kusikia abiria akiuliza la pili. Nataka kulipinga swali hilo kwa kuirudia michuano ya Kombe la Mataifa ya Afrika ya 2019 kule Misri. Nadhani ndiyo tuliyoisoma vibaya zaidi.

Tulikuwa hatujafika huko tangu 2004. Sébastien Migné, Mfaransa aliyepewa timu Mei 2018, ndiye aliyetufikisha, na njiani tukaichapa Ghana 1-0 pale Kasarani. Kisha mambo yakaharibika. Tarehe 23 Juni Algeria ilitufunga 2-0, mabao yote kipindi cha kwanza. Siku nne baadaye tulitoka nyuma mara mbili tukaishinda Tanzania 3-2, Michael Olunga akifunga mawili na Johanna Omolo moja. Tarehe 1 Julai, Senegal wakatutandika 3-0. Pointi tatu, mabao saba wavuni mwetu, tukafunga virago.

Migné ana lawama zake na sitamfichia. Dhidi ya Algeria tulicheza kama watu waliokuja kuomba radhi. Timu ilirudi nyuma mno, Olunga akaachwa peke yake akikimbizana na mipira mirefu. Wakati huo Jesse Were, aliyezoea kucheka na nyavu akiwa Zesco United ya Zambia, alikuwa ameachwa nje ya kikosi. Uamuzi huo ulikuwa wa kocha, na haujanishawishi hadi leo.

Lakini hukumu ya haki humtazama pia aliyesimama upande wa pili. Timu mbili zilizotufunga ndizo zilizokutana fainali, Algeria wakabeba kombe kwa bao 1-0. Siku ya Senegal, kipa Patrick Matasi aliipangua penalti ya Sadio Mané, na tukashikilia sare kwa saa nzima. Baada ya hapo miguu iliisha. Pumzi ya dakika tisini haifundishwi kambini kwa wiki chache, jameni. Hujengwa kwa miaka.

Julai na Agosti tukakutana na Tanzania kuwania nafasi ya CHAN. Sare tasa mbili, tukatolewa kwa penalti nyumbani. Siku chache baadaye Migné akaenda zake. Tanzania nao walikuwa wameshaachana na Emmanuel Amunike mwezi Julai. Majirani, dawa moja.

Sasa hesabu nami: Amrouche, Williamson, Okumbi, Put, Migné, Kimanzi, Mulee, Fırat. Makocha wanane kati ya 2014 na 2021. Amrouche alishtaki, na shirikisho likaamriwa kumlipa fidia. Hebu fikiria pesa hizo zingenunua mipira mingapi, zingelipa marefa wangapi wa ligi za mashinani.

Hapo ndipo swali la pili linapotoka, na linatuhusu sisi wa huku. Kitale tuna St. Anthony's, shule ambayo jina lake likitajwa kwenye michezo ya shule, wapinzani hunyamaza kidogo. Bungoma kuna Nzoia Sugar, klabu iliyoegemea kiwanda cha sukari kilicholemewa na madeni. Kijana akimaliza Kidato cha Nne akiwa na kipaji, kati ya shule na klabu anapita wapi? Wengi hawapiti. Unawakuta kwenye bodaboda, Jumapili wanacheza mechi za mtaani, na watu pembeni wanasema, "Huyu angekuwa mbali." Angekuwa mbali na nani? Hakuna kocha wa taifa, Mfaransa wala Mturuki, anayeweza kumteua mchezaji aliyepotea akiwa na miaka kumi na tisa.

Sisemi kocha asiguswe. Akikosea, aulizwe, na akishindwa mara kwa mara, aende. Ila kila tunapomfuta mmoja tunapata wiki mbili za kujisikia tumefanya kitu, na wakubwa wa mpira wanapata wiki mbili za kutoulizwa lolote. Tumepewa kuandaa Kombe la Mataifa ya Afrika la 2027 pamoja na Uganda na Tanzania. Viwanja vitapakwa rangi. Mimi nitauliza waliocheza fainali za shule mwaka huu wako klabu gani.