Mwanafunzi Mzima wa Kazeh

Mtu aliyekwisha kuitwa msomi, akianza lugha ngeni, hurudishwa utotoni kwa ghafula. Hayo huonekana waziri waziri katika kujifunza Kichina, lugha iliyopata makao katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa Taasisi ya Confucius tangu mwaka 2013. Mwanafunzi mwenye mvi, aliyezoea kusahihisha insha za wengine, husahihishwa yeye kwa silabi moja tu, ma, ambayo kwa kupandishwa au kushushwa sauti huwa mama, katani, farasi au kukemea. Hujikuta amemwita mama farasi, na kijana wa miaka 20 aliyeketi kando yake akacheka. Kiswahili hakimfai kitu hapo, maana kilikwisha kuacha toni zamani. Mnyamwezi yamkini akapata nafuu, kwa kuwa lugha yake ingali nazo.

Fedheha hiyo yafaa ipimwe kwa mwanafunzi mmoja wa zamani aliyekutana nayo huko huko Unyamwezi, asiitambue. Richard Burton aliingia Kazeh, karibu na mji wa Tabora wa leo, tarehe 7 Novemba 1857. Alikuwa na umri wa miaka 36, amekwisha kufika Makka mwaka 1853 kwa kujigeuza Mwislamu wa nchi nyingine, na lugha za Mashariki zilikuwa fahari yake. Mwalimu aliyempata alikuwa Sheikh Snay bin Amir, Mharthi wa Oman, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kupika halua Maskati. Sheikh huyo alikwisha kufika hata kwenye makao ya Kabaka wa Buganda, na akamsaidia mgeni wake kukusanya maneno ya lugha za bara.

Katika kitabu cha safari hiyo, kilichochapishwa London mwaka 1860, Burton amsifu Sheikh kwa kumbukumbu, kwa ufasaha na kwa uaminifu. Ni ukurasa mzuri, labda mzuri kupita zote alizoandika juu ya Kazeh. Walakini hata hapo hakujizuia kusema kwamba Sheikh alisoma kwa kutafuta manufaa, kama ilivyo desturi ya watu wa Mashariki. Neno hilo dogo lamwondoa mwalimu kitini na kumweka mezani, achunguzwe.

Sehemu inayostahili kusomwa kwa makini zaidi ni ile Burton anaposimulia taabu ya kukusanya maneno. Mtu mmoja wa bara aliulizwa, kwa kinywa cha mkalimani, namna ya kuhesabu katika lugha yake: moja, mbili, tatu. Yule mtu akajibu kwamba kwao husemwa vidole. Alipokanywa na kuulizwa tena, akataka kujua kwanza: moja, mbili, tatu za nini? Za kondoo, za mbuzi, au za wanawake? Burton alieleza kisa hicho kuwa kichekesho, na wasomaji wake wa Uingereza bila shaka walicheka pamoja naye.

Lakini swali lile lilikuwa la kisarufi. Katika Kiswahili watu ni wawili, vitu ni viwili, nyumba ni mbili. Na lugha za bara zina utaratibu wa namna hiyo hiyo. Asiyejua kinachohesabiwa hawezi kuitaja namba kwa ukamilifu wake. Mwenyeji alikuwa akifundisha upatanisho, na mwanafunzi aliandika kwamba mwenyeji ni mjinga. La ajabu ni kwamba Burton huyo huyo aliwaeleza wasomaji wake vizuri kwamba U ni nchi, M ni mtu, Wa ni watu na Ki ni lugha. Mlango wa sarufi aliufungua kwa mkono wake, kisha akasimama kizingitini. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, naye hakuwa mtu wa kuinama.

Sikio lake nalo lilikuwa na kiburi chake. Lugha yetu aliiita Kisawahili, kwa kuwa Kiarabu chake kilimwambia kwamba lazima iwe na sawahil ndani yake. Makao ya mtemi Fundikira aliyaandika Ititenya, jina linaloonekana kuwa ndilo Itetemia. Kinyamwezi kina irabu saba, na mgeni hawezi kulaumiwa kwa kuzikosea. Tena Burton aliugua mno, hata mapema mwaka 1858 miguu yake ilikufa ganzi. Lililo la kulaumiwa ni kwamba makosa ya wenyeji yamejaa kitabuni, ilhali ya mwanafunzi hayaonekani ila kwa yule anayejua jina la mahali.

Hasara yake ilidhihirika upesi. Kwa maelezo ya Speke, Sheikh Snay alikwisha kuwaambia wote wawili kwamba maziwa ni matatu, na kwamba la Ukerewe ni kubwa kuliko la Ujiji. Speke, asiyejua Kiarabu, alikwenda kaskazini na kuliona tarehe 3 Agosti 1858. Burton alibaki Kazeh na vitabu vyake. Baadaye aliandika kwamba mwenzake alidanganyika kwa kutegemea Kihindustani kibovu cha mkalimani Bombay, na kwamba bahari huweza kuwa ziwa au mto. Katika maana ya neno hakukosea. Stanley alipolizunguka ziwa hilo mwaka 1875, ilithibitika kwamba ni moja na ni kubwa, kama mpika halua wa Maskati alivyosema.

Sheikh mwenyewe hakuishi kuliona jambo hilo. Aliuawa mwaka 1861 katika vita vya Waarabu na Mnywa Sere, aliyekuwa amerithi enzi ya Fundikira kisha akaondolewa. Masomo aliyoyatoa yamehifadhiwa katika kitabu cha mwanafunzi wake, kwa hijai ya mwanafunzi.